Ubao wa wabunge wetu uanze 1920, sio 1963

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na kama nitaandika ndefu mnivumilie, hili jambo nimekaa nalo mwezi mzima na halinitoki.

Mwezi uliopita nilienda kwenye ofisi moja ya eneobunge huku kaunti ya Nakuru kufuatilia fomu ya basari ya mjukuu wangu. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, nikasimama karibu na ukuta ambapo fundi alikuwa ametoka tu kuandika ubao mpya, rangi ya bluu bado inanuka, majina ya wabunge wetu kutoka juu mpaka chini na miaka ambayo kila mmoja alikaa bungeni. Jina la kwanza ni la 1963. Nikamuuliza kijana wa mapokezi, mbona mmeanzia hapa? Akanijibu kwa heshima kabisa, "Mwalimu, kabla ya hapo hakukuwa na mbunge, tulikuwa chini ya mkoloni." Msichana aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akadakia, "Kwani mkoloni alikuwa na uchaguzi?"

Nilifundisha historia shule za msingi miaka mingi na bado lile swali lilinichoma, kwa sababu nilijua tukiulizana pale kwenye foleni nzima pengine hakuna ambaye angemjibu. Ndio maana naandika.

Binti yangu, uchaguzi mkoloni alikuwa nao. Na hiki kiti chetu kilikuwepo miaka 43 kabla ya huo mwaka wa kwanza ulioandikwa ukutani. Baraza la Kutunga Sheria, yaani bunge la mkoloni, lilikaa mara ya kwanza Agosti 1907, wakati huo wote waliokaa humo waliteuliwa tu na serikali. Masetla, wale wazungu waliokuja kulima huku, wakapiga kelele miaka kumi na zaidi wanataka kuchagua watu wao wenyewe, sheria ikapitishwa 1919, na Februari 1920 wakapiga kura kuchagua wajumbe 11. Hiyo nchi ilikuwa haijaitwa hata koloni la Kenya, jina hilo lilikuja Julai mwaka huo huo. Moja ya zile nafasi 11 iliitwa Rift Valley, ndio hapa kwetu, na aliyeikalia alikuwa Lord Delamere wa Njoro.

Sasa hapa nataka msomaji asimame kidogo. Delamere alipewa ekari 100,000 Njoro mwaka 1903, baadaye akawa na Soysambu kule Elmenteita. Baada yake kiti hicho kilikaliwa na Lord Francis Scott, shamba lake ni Deloraine, Rongai. Halafu 1948 akachaguliwa Michael Blundell, mkulima wa Subukia. Njoro, Rongai, Subukia! Hayo ni majina ya maeneobunge matatu tuliyo nayo leo. Kiti kimoja kilikuwa kinahama kutoka veranda ya shamba moja kwenda veranda ya shamba lingine, na leo kila shamba limekuwa eneobunge kamili lenye wapiga kura maelfu kwa maelfu, yaani pale mtu mmoja alikuwa anaamka na kuangalia ngano yake mpaka macho yaishie, leo kuna shule, masoko, vituo vya kupigia kura, makanisa kila kona. Nilipolitambua hilo mara ya kwanza nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la saba usiku, niliweka kalamu chini.

Na hata kabla ya hao palikuwa na watu, tusisahau. Jina lenyewe Nakuru ni la Kimaasai, mahali pa vumbi. Reli ilifika hapa 1900, na mpaka 1902 sisi na ndugu zetu wa Kisumu hatukuwa hata chini ya Nairobi, tulihesabiwa upande wa Uganda, ndipo mpaka ukasogezwa tukaingizwa huku. Mwaka 1904 Wamaasai walitia saini mkataba wa kuondoka bondeni, wengine wakapelekwa Laikipia wengine kusini, na mkataba ulisema utadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Kufikia 1911 wale wa Laikipia nao walikuwa wanaambiwa wahame tena. Hivyo eneobunge la 1920 lilichorwa juu ya ardhi ambayo wenyewe walikuwa wameondolewa miaka 16 tu nyuma, wazee waliokuwa wamechunga ng'ombe pale wakiwa hai bado.

Nani alipiga kura 1920? Mzungu raia wa Uingereza, mwanamume au mwanamke. Basi. Wahindi waliokuwa na maduka pale mjini Nakuru hapana, wao walikuja kupewa viti vyao vitano vya peke yao baada ya ile karatasi ya Devonshire ya 1923, tamko la serikali ya Uingereza kuhusu Kenya. Mwafrika hapana kabisa, hata swali lenyewe halikuulizwa. Hesabu ya watu ya 1921 iliwapata wazungu 9,651 koloni nzima, wanaume wanawake na watoto wao, nao ndio waliogawana viti 11. Leo shule chache za sekondari za Nakuru ukiziweka pamoja unapata idadi hiyo.

Sasa nije nyumbani kwangu, kwa sababu mimi hii historia sikuanza kuisoma kitabuni.

Babu yangu mzaa mama alizaliwa Kimilili. Mwaka 1936 alipanda treni Broderick Falls, ile Webuye ya leo, akashuka Njoro kutafuta kazi akapata ya kukamua ng'ombe. Kuna kikopo cha bati nimekirithi, kidogo kama kiberiti kirefu, kina tundu mbili juu za kupitishia kamba, na ukikifungua kinalia kwa sababu ya kutu. Ndani kuna karatasi imekunjwa mara nne, imekuwa ya kahawia kwenye mikunjo na ukiifungua haraka inapasuka. Hicho ndicho kipande chake. Alama za vidole vyake kumi ziko hapo, zimepangwa mistari miwili, kidole gumba cha kushoto kimefutika kidogo kwa jasho. Jina lake limeandikwa vibaya. Chini yake mwajiri, tarehe ya kuanza kazi, mshahara shilingi 8 na posho kwa tiketi ya siku 30, na nafasi ya kuandika siku atakayoachishwa. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika miaka 16 alitakiwa kuwa nacho, kilianza kutumika kwa nguvu kuanzia 1919 na 1920, na wengi walikivaa shingoni. Akiacha kazi bila mwajiri kutia saini hapo, polisi wanamtafuta kama mhalifu.

Angalieni hiyo miaka. Mwaka ule ule mwajiri alipewa karatasi ya kura, mfanyakazi alipewa kipande cha kuvaa shingoni. Wote wawili wako shamba moja, Njoro moja, wote wameandikwa na serikali, lakini mmoja ameandikwa ili aulizwe anataka nini na mwingine ameandikwa ili asipotee.

Watu husema ah, mambo ya baraza la Nairobi yalimhusu nini mkamua ng'ombe. Yalimhusu sana. Sheria ya maskwota ya 1918 ilisema anayekaa kwenye shamba la mzungu na mifugo yake lazima amfanyie kazi siku 180 kwa mwaka. Sheria mpya ya 1937 ikayapa mabaraza ya wilaya, ambayo yalikuwa ya masetla, nguvu ya kuongeza siku mpaka 270 na kusema skwota awe na ng'ombe wangapi, mbuzi wangapi, ekari ngapi za mahindi. Hizo sheria zilipita kwenye baraza ambalo wajumbe wa huku kwetu walikuwa mstari wa mbele kuzidai. Tayari miaka ya 1920 wazee ambao babu aliwakuta huku walikuwa na neno moja la kueleza vile mifugo yao ilitolewa mashambani, walisema kifagio. Neno moja tu, na kila mtu wa rika lao alilijua. Babu yeye hakukuta kifagio cha kwanza lakini alikuta cha pili, alikuja na ndama wawili aliopewa na mjomba wake, kufikia vita vya Hitler alikuwa na ng'ombe saba, halafu akaambiwa abaki na kiasi kile shamba linaruhusu, na kufikia 1947 hakuwa na hata mmoja. Kila siku anakamua ng'ombe wa mwajiri alfajiri, na nyumbani watoto wake wanakunywa chai ya rangi. Mama yangu alikuwa mmoja wa hao watoto.

Kwa hivyo mtu asiniambie kwamba kabla ya 1963 hakukuwa na mbunge. Alikuwepo, na kura ya bosi wa babu ndiyo iliyoamua babu awe na ng'ombe wangapi.

Nani alituwakilisha sisi? Kuanzia 1924 aliteuliwa mmisionari, Dkt. John Arthur, kusema kwa niaba ya Waafrika wote wa koloni. Mwafrika wa kwanza kuingia mle ni Eliud Mathu, Oktoba 1944, aliteuliwa pia sio kuchaguliwa, na baadaye akafuatwa na Benaiah Ohanga wa kutoka Nyanza. Na kwa kuwa naandika gazeti linalosomwa mpaka Kisumu na Kakamega niseme hili la upande wenu pia. Kiti cha wazungu cha Nyanza mwaka 1938 kilimpeleka barazani Lady Sidney Farrar, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mle. Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kwenye bunge la Kenya huru alikuwa Grace Onyango wa Kisumu, 1969. Miaka 31 kati yao, na wote wawili ni wa upande huo huo wa ziwa. Sijawahi kuona ubao wowote ambao majina hayo mawili yamewekwa pamoja, na mimi naona mtoto wa kike wa Kisumu angejifunza mengi akiyaona yote mawili na kuulizwa, wa kwanza alichaguliwa na nani, na wa pili alichaguliwa na nani?

Tunafika 1957, na hapa ndipo watu wengi hata walimu wenzangu huchanganyikiwa. Machi mwaka huo Waafrika walichagua wajumbe wao mara ya kwanza, viti vinane nchi nzima. Nyanza ya Kati Oginga Odinga akamshinda Ohanga, huyo huyo aliyekuwa tayari waziri. Nyanza Kaskazini, kwa kina babu, Masinde Muliro. Nairobi Tom Mboya. Na kiti kimoja katika hivyo vinane kiliitwa pia Rift Valley, kikachukuliwa na Daniel arap Moi aliyekuwa ameteuliwa barazani tangu 1955. Kwa hivyo kuanzia 1957 kulikuwa na wajumbe wawili wa Rift Valley kwenye baraza moja kwa wakati mmoja! Blundell wa wazungu na Moi wa Waafrika, jina la eneo ni moja, milima ni ile ile, mvua inayonyesha ni moja, lakini kila mmoja ana daftari lake la wapiga kura na ukiwa kwenye la huyu huwezi kuwa kwenye la yule.

Tena hilo daftari la Waafrika halikuwa wazi kwa kila mtu. Walipima elimu, kipato, mali, umri, utumishi serikalini au jeshini, na kadri ulivyozidi kuwa na sifa uliweza kupewa kura mpaka tatu peke yako. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa zaidi ya hapo wawe na cheti cha kuonyesha ni watiifu kwa serikali, kwa sababu ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, ile ya vita vya Mau Mau. Fikiria hapa Nakuru, mashamba yamejaa wafanyakazi Wakikuyu ambao wengi walikuwa wamepakiwa kwenye malori na kurudishwa kwenye rizavu walikokuwa hawajawahi kuishi, wengine wamezaliwa Njoro na Molo hapa hapa. Hao kura ya 1957 waliisikia tu. Babu yangu Mbukusu hakuhitaji cheti cha utiifu lakini hakuwa na darasa lolote wala kipato, naye akaisikia tu.

Alipiga kura mara ya kwanza 1961 na hii hadithi alitusimulia mpaka alipokufa, kila uchaguzi ukikaribia anaanza upya na hakuna aliyemkatiza. Mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, wa mwanzo wa 1960 ulilegeza masharti, ukijua kusoma na kuandika lugha yako unaandikwa, ukiwa na kipato cha pauni 75 kwa mwaka unaandikwa, na ukiwa umepita miaka 40 unaandikwa hata kama hujui a wala be. Babu hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Karani akamuuliza ana miaka mingapi, akasema hajui lakini anajua alipotahiriwa. Kwetu tohara ni kila baada ya miaka miwili, Agosti ya mwaka shufwa, basi akaomba punje za mahindi. Pale mezani kwa karani akapanga punje moja moja akitaja kila msimu wa tohara uliopita tangu wake, na kwa kila msimu anataja nani wa ukoo wake alitahiriwa, mpaka zikafika punje 14. Miaka 28. Akasema, na mimi siku ile nilikuwa kijana wa kutosha kubeba gunia peke yangu. Karani akacheka akaandika 44. Wakati anatusimulia alikuwa anatuwekea hizo punje mezani, 14, na sisi wajukuu tunahesabu naye kwa sauti.

Uchaguzi wenyewe wa Februari 1961 ulikuwa na utaratibu mgumu kidogo lakini ni muhimu kuuelewa. Viti 33 vilikuwa wazi kwa kila mtu, na 20 vilitengwa, 10 vya wazungu, 8 vya Waasia na 2 vya Waarabu. Kwenye hivyo vilivyotengwa, mgombea alipitia kwanza mchujo wa watu wa jamii yake, lazima apate angalau asilimia 25, halafu waliovuka wanaenda kwa wapiga kura wote kwenye daftari moja. Hapa Rift Valley walikutana Blundell na Sir Ferdinand Cavendish-Bentinck, aliyekuwa Spika akajiuzulu kwa hasira ya mambo ya Lancaster. Masetla walikuwa wamemkasirikia Blundell vibaya sana, aliporudi kutoka London mmoja alimtupia miguuni vipande 30 vya fedha kama Yuda, kwa sababu alikubali kwamba nchi itatawaliwa na wengi. Kwenye mchujo wazungu wengi walimpa Cavendish-Bentinck, Blundell alivuka ule mstari wa asilimia 25 kwa kidogo tu. Halafu ikaja kura ya wote na Waafrika wakampitisha Blundell kwa mbali.

Babu alikuwa mmoja wao. Nilimuuliza nikiwa kijana, babu, ulichaguaje mzungu na wewe walikuchukulia ng'ombe? Akaniambia, "Sikuchagua mzungu. Nilikataa yule ambaye hakutaka mimi niingie pale ndani." Akaongeza kwamba asubuhi hiyo mwajiri wake alikuwa kwenye foleni ile ile, watu wanne mbele yake, na hawakusalimiana lakini walipanga laini moja. Hiyo laini ndiyo alikuwa anairudia rudia. Nadhani hilo lilimgusa kuliko mshindi ni nani.

Kwa hiyo kama unaniuliza lini hiki kiti kilibadilika mikono, mimi nasema ni siku hiyo, na 1963 ilikuja kukamilisha. Agosti 1963 Kenyatta akiwa Waziri Mkuu alikuja hapa Nakuru akazungumza na masetla, ukumbi umejaa, na aliyeongoza mkutano ni Lord Delamere, mtoto wa yule wa 1920. Kenyatta akawaambia wasahau na wasameheane, wakae walime, na mwisho wa mkutano wakapaza sauti pamoja naye, Harambee. Kutoka Delamere baba aliyechaguliwa na wazungu peke yao mpaka Delamere mwana akimkaribisha Waziri Mkuu Mwafrika, mji ni huu huu, ni miaka 43. Mtoto wa shule ya Nakuru anafundishwa vita vya Napoleon na hili hafundishwi, kweli hii ni haki?

Najua kuna watakaosema kwa nini tuwaandike masetla kwenye ukuta wetu, hiyo si ni kuwatukuza? Nimelifikiria sana na naheshimu anayesema hivyo, mama yangu mwenyewe angesema hivyo. Lakini ubao unaoanza 1963 haumfichi Delamere, Delamere yuko kwenye vitabu na mashamba yana jina lake mpaka leo. Unaowaficha ni kina babu. Ukianzia 1963 inaonekana kama watu wetu walitokea siku hiyo na mbunge wao mkononi, kama vile hawakuwepo kwenye hayo mashamba miaka yote hiyo wakikamua na kupalilia na kuhesabiwa ng'ombe. Ombi langu ni dogo. Ubao uwe na safu tatu. Ya kwanza aliyekalia kiti, ya pili miaka yake, na ya tatu nani aliruhusiwa kumpigia kura. Hiyo ya tatu ndiyo itakayosema kila kitu, 1920 hapo utaandika wazungu, 1957 utaandika majina mawili mstari mmoja na daftari mbili, 1961 utaandika daftari moja la pamoja lakini kwa masharti, halafu 1963 utaandika watu wazima wote. Fundi akitumia rangi ile ile ya bluu itatosha.

Na kuna sababu ya kulifanya sasa hivi. Tunagombana kila siku kuhusu mipaka, nani agawanywe na nani aachwe. Tulianza na viti 117 mwaka 1963, vikawa 158, vikawa 188, vikawa 210, na katiba ya 2010 ikasema 290. Mwaka 2012 Nakuru ilitoka sita ikawa 11, Njoro ikatoka Molo, Bahati ikatoka Subukia, Gilgil ikatoka Naivasha, Kuresoi na Nakuru Mjini zikakatwa mbili mbili. Katiba inataka mipaka iangaliwe upya ndani ya miaka 12, hiyo miaka ilikwisha Machi 2024 tume ya uchaguzi na mipaka ikiwa haina makamishna, na mpaka wakaapishwa Julai 2025 mipaka ikabaki ile ile. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296, ukigawanya kwa viti 290 kila mbunge anabeba watu kama 164,000. Nakuru tulikuwa 2,162,202, kwa viti 11 kila mbunge wetu anabeba kama 196,500. Sisemi tunyang'anye wengine, Lamu kwa mfano ina watu 143,920 na viti viwili na katiba inaruhusu sehemu zenye watu wachache mahali pakubwa zipewe nafuu, na mimi naona ni sawa, mtu wa kisiwani naye anahitaji sauti. Ninachosema ni kwamba watu wa Nakuru wakienda kutoa maoni mbele ya tume waende wakijua kwamba kuhesabiwa au kutohesabiwa kwenye bonde hili kuliwahi kuamua kama mtoto anywe maziwa au asinywe. Mtu akisimama kwenye kikao cha maoni akiwa na hilo kichwani atazungumza tofauti na yule anayesimama kudai eneobunge la ukoo wake, na hayo ya ukoo tumeyaona kwenye ghasia za 1992 na 2007, waliozikwa Molo na Kuresoi wana wenyewe wanaowalilia mpaka leo.

Nimerudi pale ofisini wiki jana kuchukua majibu ya basari, mjukuu amepata, nashukuru. Nikamwomba kijana wa mapokezi karatasi nikamwandikia haya majina na miaka, akasema atapeleka kwa wakubwa. Akaniuliza kama nina picha yoyote ya zamani wanaweza kuweka kando ya ubao. Picha ya babu sina, hakupigwa hata moja mpaka anakufa. Lakini kile kikopo niko nacho. Nimemwambia nitakileta wakipige picha siku yoyote watakayotaka, nitakifungua mwenyewe kwa sababu karatasi inapasuka, na jioni ya siku hiyo kirudi nyumbani Njoro.

Mwalimu mstaafu,
Njoro, Nakuru